Ndege za mafunzo juu ya makazi: barua yetu iende kwa nani, na tudai nini?

Mkazi wa Wakiso:
Ndugu zangu, salaam. Mtaa wetu umepakana na kiwanja kidogo cha ndege, ambacho sitakitaja kwa kuwa bado hatujazungumza na uongozi wake. Ndege ndogo, nyingi zikiendeshwa na wanafunzi, hupaa, huzunguka juu ya mapaa yetu, hugusa ardhi na kupaa tena kuanzia asubuhi hadi jioni, na upepo ukigeuka harufu ya mafuta huingia hadi jikoni. Walimu wa shule ya msingi iliyo jirani hunyamaza ndege ikipita, kisha hurudia walichokuwa wakisema. Mwenyekiti wa LC I, yaani baraza la kijiji hapa Uganda, ametushauri tuandike barua. Je, sheria inatulinda? Na moshi huo una madhara, au ni kero ya pua tu?

Wakili wa Mbale:
Ibara ya 39 ya Katiba ya 1995 inampa kila Mganda haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya, na kanuni za kelele za 2003 ziliweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku kwa majengo ya makazi. Hata hivyo, msitegemee kipimo cha simu kilichochukuliwa ndege ikipita mara moja, kwa sababu vikomo vya namna hii hupimwa kwa wastani wa muda, na uwanja wowote utaipangua hoja hiyo kwa dakika chache. Wekeni daftari la tarehe, saa na upande ndege ilikotokea. Masuala ya njia na saa za kuruka yapelekeni kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ya kelele na hewa kwa NEMA, yaani mamlaka ya taifa ya mazingira, na nakala kwa ofisa mazingira wa wilaya.

Fundi Injini:
Nijibu la moshi, maana hapa ndipo watu wengi huhofia kisichostahili na kuacha kinachostahili. Ndege kubwa zinazotua Entebbe huchoma mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, ambayo hayatiwi risasi, yaani ile metali yenye sumu. Ndege nyingi ndogo za injini za pistoni, kama za magari, hutumia petroli ya ndege ambayo bado hutiwa risasi ili mafuta yasiwake ovyo ndani ya injini na kuifanya igonge, ilhali petroli ya magari yenye risasi ilikoma kuuzwa duniani mwaka 2021, Algeria ikiwa ya mwisho. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Harufu mnayoisikia haiwezi kuwaambia kama risasi imo. Kwa hiyo ulizeni kwanza ni mafuta gani yanayotumika, kisha ombeni injini zipashwe moto mbali na uzio wa upande wa shule.

Mzee wa Jinja:
Nani alitangulia, kiwanja au nyumba? Nauliza kwa sababu mtaulizwa. Viwanja vya kujenga karibu na uwanja wa ndege huuzwa kwa bei nafuu, na muuzaji hampeleki mteja saa za kelele. Pamoja na hayo, kutangulia hakumpi mtu ruhusa ya kuruka saa zote. Uwanja wa London City, uliofunguliwa 1987 katikati ya makazi, hufungwa tangu Jumamosi saa sita na nusu mchana hadi saa kama hiyo Jumapili. Mwaka 2024 serikali ya Uingereza iliuruhusu kufikisha abiria milioni 9 kwa mwaka, lakini ikakataa saa za Jumamosi alasiri ziongezwe. Dai la saa za mapumziko husikilizwa kuliko dai la kufunga uwanja.

Mkazi wa Wakiso:
Nashukuru sana, Mzee, pamoja na wenzako. Baadhi yetu tulikikuta kiwanja, wengine walizaliwa hapo. Barua itasema hivyo waziwazi. Tutauliza aina ya mafuta, na tutaomba mizunguko ya mafunzo isipite juu ya shule wakati wa vipindi. Kuna anayefahamu kama daftari hilo linahitaji muhuri wa LC I?

Wakili wa Mbale:
Si lazima, ila barua yenyewe ipigeni muhuri, na mbaki na nakala iliyosainiwa na mpokeaji.