Ranwei moja, minima mbili tofauti: kikwazo kiko wapi?

Swali
Wakuu habari zenu, nasomea leseni ya kuruka kwa vyombo (kusoma vipimo vya ndege bila kutegemea kuona nje) na kuna kitu kinaninyima usingizi. Ranwei moja, ILS (mitambo ya redio ya kuongoza ndege kutua) pande zote mbili, mteremko digrii 3 kotekote, lakini minima, yaani kimo cha mwisho cha kushuka kama sijaiona ranwei, hazilingani: huku naruhusiwa kushuka mpaka futi 200 juu ya ranwei na kule naambiwa niishie 500 na kitu. Nimekagua chati mara kumi, upande huo wa 500 njia ya kuingilia ni tambarare kabisa, hakuna kilima wala mnara!

Jibu 1
Mkuu angalia ng'ambo ya ranwei, kule utakakoelekea ukighairi kutua. PANS-OPS, ile Doc 8168 ya ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga) yenye kanuni za kuchora njia za ndege, inachukulia utapanda kwa asilimia 2.5 tu, yaani futi 152 kwa kila maili ya baharini. Sasa weka kilima cha futi 1,000 juu ya ranwei, maili 4 kutoka unapoanza kupanda, na lazima ukivuke kwa angalau mita 30, kwa hiyo ukifika pale uwe kama 1,100. Ndani ya maili 4 umepata 608 peke yake, basi inabidi uanze ukiwa karibu 490, ongeza na futi ambazo ndege inaendelea kuzama kabla haijaanza kupanda, ndo hiyo 500 na kitu yako.

Jibu 2
Ukiona chati ina minima za 2.5% na nyingine za 4%, hizo za 4% ni za chini zaidi ila ni kwa ndege inayoweza kweli kupanda hivyo. Na tafadhali sana, hesabu zote hizo ni za injini zote zikiwa nzima! Ikizima moja, njia ya kutokea lazima kampuni yako iwe imeshaipigia hesabu. Vijana wengi wanachanganya hapa.

Jibu 3
Soma NOTAM pia, yale matangazo ya tahadhari kwa marubani. Niliwahi kukuta kreni ya ujenzi imesimamishwa karibu na uwanja, minima zimetoka 200 mpaka 340, na mawingu siku hiyo yalikuwa 300. Tulizunguka tukaenda uwanja mwingine.

Muuliza swali
Kilima nimekiona, maili 5 mbele ya ranwei, asanteni mno! Hakuna namna ya kukikwepa?

Jibu 1
Ipo, RNP, ndege inajiongoza yenyewe kwa usahihi mkubwa kwa satelaiti na kompyuta zake, hivyo njia inapinda kufuata bonde. Alaska Airlines walianzia Juneau, huko Alaska, mwaka 1996, pale milima imebana kila upande. Ila ndege na marubani lazima wawe na kibali maalumu.