UKOO WA MZEE KIBWANA, MUHEZA

JUMANNE

Mwanaidi 19:02
Jamani habari za jioni. Mashine ya Babu, ile injini ya dizeli ya bandani. Mvua imeanza na Shangazi Tatu kasema bati la banda limenyanyuka upande wa ekzosi, maji yanashuka moja kwa moja kwenye bomba. Nani yuko karibu akafunike na kopo LEO. Halafu mchango wa fundi elfu 50 kila nyumba, mpaka sasa tumetoa mm na Rama tu

Mwanaidi 19:40
??

Mwanaidi 20:15
Tiki za bluu naziona

Kibwa 20:17
Tunasoma kwa utulivu dada 😂

Rama 20:31
Hilo la ekzosi sio utani. Kama valvu ya moshi imekaa wazi maji yanaingia hadi silinda, pistoni inashikana na kutu na hapo ndo basi tena. Na mtu ASIJARIBU kuzungusha flaiwili (lile gurudumu zito la injini) kwa nguvu wala kugonga na nyundo, kwanza tufungue kichwa tumwage dizeli juu ya pistoni tuiache ilowe siku kadhaa ndo tuisukume mdogomdogo kwa mkono

Kibwa 20:33
Hata mm mkiniloweka kwenye dizeli siku kadhaa nitatoa huo mchango

Hamza Leicester 22:48
Samahani nilikuwa kazini. Rama ile picha ya kibao nimeikuza, inasomeka R A LISTER & CO DURSLEY ENGLAND, HP 6, RPM 650. Dursley ni mji mdogo huku Gloucestershire, Lister wameanzia hapo 1867. Yule aliyesema ya kwetu ni kopi ya Rajkot ajitokeze

Anko Salehe 22:50
Nilisema INAWEZA kuwa. Hizo kopi za India zimejaa kwenye vinu, sikuongea ujinga

Hamza Leicester 22:57
Haya. Ila injini peke yake sio ajabu, Lister ya kusagia nani hajaiona. Ajabu ni lile boksi la ukutani lenye marilei, zile swichi zinazojiwasha kwa umeme. Hii ni Start-o-Matic jamani. Ukiwasha taa ya kwanza ndani ya nyumba injini inaamka yenyewe kule bandani, betri za volti 24 zinaigeuza dainamo kuwa starta, ukizima taa ya mwisho na yenyewe inazima. Mizunguko 650 tu kwa dakika, hivi vijenereta vya petroli vya dukani vinakimbia 3000 ndo maana havimalizi miaka miwili

Mamdogo Asha 23:05
Ndo maana Babu alikuwa anatoka na bakora!! "Nani anachezea swichi, dizeli inaisha"

Kibwa 23:06
Mm utoto wangu wote nilijua bandani kuna jini 😭😭

Mwanaidi 23:08
Boksi liko wapi sasa

Shangazi Tatu 23:15
Ninalo. Kuku anaatamia humo. Wiki ijayo anaangua

Kibwa 23:15
Vifaranga vya volti 24

Mwanaidi 23:16
Kibwa hebu. EKZOSI

Rama 23:20
Boksi linasafishika. Shida ni dainamo, nimefungua kifuniko ndani hamna waya hata mmoja

Mamdogo Asha 23:22
Waya zimeenda wapi. Nauliza tu

Shangazi Tatu 23:24
Zilienda Mererani kutafuta tanzanite

Anko Salehe 23:31
Hii habari mtaisema mpaka lini? Nilikuwa kijana na hela ya ile shaba nusu nilimpa Mama

Mamdogo Asha 23:32
Nusu? Mama aliletewa kitenge

*Anko Salehe ameondoka*

*Mwanaidi amemwongeza Anko Salehe*

JUMATANO

Bamkubwa Athumani 05:48
Assalam alaykum. Nimesoma yote baada ya swala. Mashine ile baba aliipewa kwenye shamba la mkonge badala ya kiinua mgongo chake. Mchana mkanda aliupeleka kwenye kinu usiku kwenye dainamo na nyinyi wote mmesoma kwa pumba na unga. Suala la Salehe lilikwisha mbele ya mama, mwenye kulifukua aje kwangu. Mashine haiuzwi wala haitoki Muheza. Ikiwaka sawa isipowaka sawa.

Mamdogo Asha 06:10
Shikamoo kaka. Tumesikia

Rama 06:12
Shikamoo Bamkubwa

Kibwa 06:30
Shikamoo Bamkubwa 🙏

Zaina 06:41
Shikamoo Bamkubwa

Mwanaidi 06:42
Zaina kumbe upo. Elfu 50

Hamza Leicester 09:15
Sasa kusuka dainamo si lazima iende Tanga mjini?

Mwanaidi 09:16
Hamza njoo inbox

Rama 09:20
Swali tu la kisheria, dainamo ni mashine au ni kifaa cha mashine

Anko Salehe 13:02
Mm natoa pipa la lita 200. Ile haina pampu ya maji, maji ya moto yanapanda yenyewe pipani ya baridi yanarudi chini. Na kile kigurudumu cha kichwani muwe mnakifunga wakati wa kuwasha, ikishachukua mzigo wote ndo mnakifungua. Rama hajui hilo

Rama 13:04
Nalijua Anko

Anko Salehe 13:05
Na pampu ya dizeli unaipampu kwa mkono mpaka nozeli ilie KRII. Isipolia hata uzungushe hendeli mpaka magharibi

Mwanaidi 18:20
Asante Anko. Basi Jumamosi saa 3 asubuhi Muheza, mm, Rama, Anko na fundi. Nani mwingine?

Kibwa 18:21
Jumamosi mechi

Rama 18:40
Fundi anasema Jumapili. Na anataka nusu kwanza

Mwanaidi 18:41
Nusu ya kipi wakati tumechanga wawili. Na ekzosi imefunikwa au haijafunikwa???

Shangazi Tatu 20:05
Niliweka kopo usiku uleule. Upepo umelitoa

Mwanaidi 20:06
Umelirudisha?

Shangazi Tatu 20:11
🎤 Sauti (1:52)

Mwanaidi 20:12
Shangazi niko kwenye daladala sisikii kitu, andika tu ndio au hapana