Kaka yuko Muscat kapimwa Lp(a) 260, shemeji anataka kuniletea sindano ya mwezi. Nifanyeje?

Mzaliwa_Wete
Assalamu alaykum ndugu zangu. Mie wa Wete, nna miaka 36, watoto watatu. Baba yetu alifariki mie nna miaka kumi na moja, alishika kifua anatoka kusali alfajiri, tulipopata gari ya kumpeleka Chake keshakata roho. Tukasema siku zake zimefika, basi. Sasa mwaka huu kaka yangu aloko Muscat kaanguka kazini kwa moyo, ana 43, havuti sigara, si mnene, kolestro yake nzuri tu. Kule wakampima kitu Lp(a), aina ya mafuta ya kwenye damu, ikaja 260, daktari kamwambia hii ni ya kurithi na ndugu zako wote wakapimwe. Tangu siku hiyo silali. Shemeji yetu alo Uingereza anasema ipo sindano yake, pelacarsen, 80 mg mara moja kwa mwezi, na kuna mtu anaweza kumtafutia. Nnauliza, nikiipata naweza kuchoma 40 badala ya 80 iende miezi miwili, maana pesa yenyewe ya kukopa? Na vidonge vya kolestro mbona visitoshe? Naogopa wanangu wasije wakalelewa kama nlivolelewa mie.

fundi_dawa_Unguja
Waalaykum salaam kaka, pole kwa kaka yako na Mungu amrehemu mzee. Nianze na hilo la kununua. Hiyo dawa ipo kweli lakini haiuzwi, iko kwenye majaribio, hata huko Uingereza mtu haendi duka la dawa akaiomba, wanaopata ni walioandikishwa kwenye utafiti. Sasa huyo mtu wa shemeji atakuuzia nini? Mie naogopa sana kichupa kisichojulikana kilotoka wapi kije kwenye begi mpaka Pemba halafu uchome kwenye tumbo lako.

Namna inavofanya kazi ni hivi. Lp(a) inatengenezwa kwenye ini. Jeni inatoa ujumbe, ini linausoma ujumbe ule linatengeneza protini. Chukulia hoteli, oda inaandikwa kwenye kikaratasi inapelekwa jikoni. Dawa za antisensi, na hiyo pelacarsen ni mojawapo, zinakishika kile kikaratasi njiani kinachanwa, mpishi hana oda basi hapiki. Vile vidonge vya kolestro, statini, havigusi oda hiyo, vinashusha LDL tu, ile kolestro mbaya ya kawaida, ndo maana kaka yako kolestro nzuri na bado kaanguka.

BabuKarafuu
Huyu kijana anauliza dozi mbona hamumjibu. Mie nimesoma 40 mg kila wiki nne inashusha nusu na zaidi, sasa ubaya uko wapi kupunguza?

NesiMkoani
Babu, shikamoo. Ni kweli ulivosoma, matokeo yale ya utafiti wa pelacarsen ya 2020, watu 286: 20 mg kila wiki nne ilishusha asilimia 35, 40 ikashusha 56, 60 ikashusha 72, na 20 kila wiki ikafika 80. Ukihesabu, 20 kila wiki ni 80 kwa wiki nne, ndo dozi ya mwezi walochukua kwenye utafiti mkubwa wa watu zaidi ya elfu nane. Kwa hesabu yake yeye pia ni 40 kila mwezi, lakini anataka kuigawa 80 moja mwenyewe nyumbani. Tena wale wote 286 walikuwa wagonjwa wa moyo tayari, Lp(a) zao zishapimwa, wanatolewa damu kila mara. Kwa nini damu? Kwa sababu dawa za antisensi za mwanzo zilileta mambo. Mipomersen ilikuwa 200 mg kila wiki, Marekani waliiruhusu 2013, ikasumbua maini mpaka ikaondoka sokoni. Volanesorsen ikashusha chembe za kugandisha damu. Hizi mpya dozi ndogo kwa sababu zimefungwa sukari fulani inayozipeleka moja kwa moja kwenye ini, lakini uangalizi uko palepale. Na kushusha namba ni jambo moja, kuzuia mtu asianguke ni jambo jengine, utafiti ule mkubwa umewekwa kujua hilo la pili.

Mdogo wangu wa Wete, nikuulize wewe. Umepimwa? Maana hujasema.

Mzaliwa_Wete
Sijapimwa dada. Nimepimwa presha tu, ilikuwa 148 kwa 92, nikaambiwa nirudi, sikurudi.

NesiMkoani
Basi wallahi hapo ndo pa kuanzia. Unakopa pesa ya sindano ya namba ambayo huijui kama unayo, na presha unayo mkononi umeiacha. Lp(a) hupimwa mara moja tu ukubwani inatosha, haipandi wala kushuka kwa chakula, kwa hiyo usijilaumu kwa samli wala nazi. Uliza maabara kabla hujalipa, wengi watakupima kolestro ya kawaida wakakupa karatasi. Na angalia kipimio! 260 ya kaka yako yaweza kuwa nmol/L, si mg/dL, mpaka wa hatari kwa nmol ni 125, kwa mg ni 50. Watu wanachanganya wanalia bure au wanapoa bure.

mama_Salha
Mwanangu pole. Kwetu ni ile nyengine, LDL ya kurithi, binti yangu alikuwa na 6.8 na miaka ishirini na mbili. Anakunywa atorvastatini miaka minne sasa, Ramadhani anakunywa baada ya futari, hana tabu. Hofu yako naijua. Nenda na ndugu zako pamoja mkapimwe, mie nlikwenda peke yangu nikarudi na khabari nimeibeba peke yangu wiki nzima, usifanye hivo.

Mzaliwa_Wete
Nimewasoma wote nimekaa kimya kidogo. Shemeji nimemwandikia asitume kitu. Nimempigia kaka anipigie picha karatasi yake, kumbe ni nmol. Dada yetu wa Konde kakubali, Jumatatu twenda Chake kwa presha na kolestro, halafu tukavuke Unguja kwa hiyo Lp(a). Fundi, ikionekana iko juu na mie, ndo nakwenda Taasisi ya Moyo Dar au?

fundi_dawa_Unguja
Daktari wako atakuandikia rufaa, na huku LDL ishushwe chini kadiri inavowezekana na presha ikae sawa, hayo mawili dawa zake ziko madukani leo hii. Karatasi ya kaka yako chukua, na andika umri alofariki mzee, watakuuliza.