Chuo kufuta kozi za lazima za uandishi na tamaduni, nyie mwaonaje?

Mwana_Tudor
Jamani salaam. Binamu yangu yuko chuo Marekani mwaka wa kwanza, juzi katuma voisi kwa grupu ya familia ati chuo chao chafuta kozi mbili za lazima kwa wote, ya uandishi na ile ya tamaduni mbalimbali, sasa kila idara itajiamulia. Yeye raha tupu. Mie nasoma enjinia hapa Mombasa, mwaka wa pili, na hizi koman yuniti, yaani kozi za lazima kwa wote, zimenichosha wallahi. Komunikesheni Skilz tulijazana jumba zima, waliokosa viti wakasimama madirishani, mwalimu asoma slaidi mwanzo mwisho, na mtihani ukaja "taja vizuizi vitano vya mawasiliano". Kizuizi cha kwanza ilikuwa maikrofoni yake mwenyewe 😂 Sasa na huku zikifutwa nani atalia? Ama kuna kitu sikioni?

bandarini_daima
Mimi nitalia. Niko kwa kliaring na fowadingi, kazi ya kutoa mizigo bandarini, vijana wa digrii waja hapa ofisini, kompyuta waijua, mfumo wa kastamu wiki moja washaushika, lakini mwambie aandike barua kuiomba kampuni ya meli ipunguze dimareji, yaani faini ya kontena kuchelewa, uone. Kuna mmoja kaniletea ukurasa mzima, kaanza na meli ilifika lini, mvua, mtandao ulivyokwama, mteja ni mtu mwaminifu sana, halafu mstari wa mwisho kabisa ndio aomba, na namba ya kontena hakuweka wala kiasi anachotaka kipunguzwe. Anayeisoma barua hiyo ana rundo mezani na kontena likikaa dimareji yapanda kila siku kwa dola. Nikakaa naye tukapandisha ombi juu, namba ya kontena na ya bili ya shehena, sababu mbili na tarehe zake, basi. Ikawa barua fupi ya kusomeka. Hicho hakuna aliyemfundisha miaka minne yote.

kijana_wa_majengo
Bandarini heshima kwako lakini barua siku hizi ChatGPT yaandika. Koman ni biashara tu, yuniti zaongezwa na ada twalipa sisi. Na hiyo ya tamaduni ndio kichekesho, mtu wa Mombasa afundishwe tamaduni na slaidi? Hapa kwetu mlango wa pili Mgiriama, juu Mkamba, dukani Mbohora, Idi tunakula wote na Krismasi tunakula wote. Futa zote.

bandarini_daima
@kijana_wa_majengo barua niliyoeleza ILIKUWA ya ChatGPT, Kiingereza kimenyooka kama rula. Mashini haikuambiwa cha kuomba kwa sababu kijana mwenyewe hakujua aomba nini.

Mwl_kibarua
Nafundisha hizi koman kwa mkataba kwa hivyo nisikizeni kidogo. Mwana Tudor malalamiko yako ni ya haki lakini ulichosoma wewe si kozi ya uandishi. Chuo cha Harvard huko Marekani wanayo tangu 1872 na kila mwanafunzi lazima aipite, ila darasa lina watu 15 hivi, unaandika, mwalimu anasoma rasimu anakurudishia, unaandika tena. Chuo cha Brown, hukohuko, ndio hao mwaka 1969 walitupa karibu masharti yote, mwanafunzi ajichagulie, na bado mpaka leo humalizi bila kuonyesha kwamba waweza kuandika. Mie nikipewa wanafunzi mia nne na malipo yaje semista ijayo inshallah, nisome rasimu ya nani? Ndio maana wapewa "taja". Taja yasahihishwa usiku mmoja. Na hili la "kila idara itajiamulia" msidanganyike, mwalimu wa thamodainamiki hasahihishi aya za mtu, akiona jibu namba ni sawa apiga tiki aenda zake.
Hiyo ya tamaduni huko kwao ni mambo mengine kabisa, hapo siasa imeingia. Florida mwaka 2023 wamepitisha sheria ya kubana kozi za lazima zinazogusa mambo ya rangi na utambulisho. Kwa hivyo moja yaweza kufa kwa gharama na nyingine kwa siasa halafu zatangazwa kwa barua moja, binamu aulize vizuri.

sista_wa_wodi
Majengo, kula pamoja sawa, lakini mimi ni nesi na nikuulize. Ramadhani wodi ya kisukari, mzee kila asubuhi sukari iko juu, ukimuuliza dawa umekunywa ajibu ndio mwanangu. Mwenzangu mmoja mzaliwa wa hapahapa, jirani zake Waislamu toka utotoni, amwandika kwa faili "mkaidi". Akaja mwingine akavuta kiti akamuuliza "mzee umefunga?" Kimya, halafu ndio, na vidonge viko chini ya mto avingoja magharibi. Daktari akabadilisha saa za dawa, wakamwita mtoto wake na imamu wakaongea naye kuhusu ruhusa ya mgonjwa kutofunga. Huyo aliyeuliza si wa pwani, alisema hilo swali alilipata darasani kwenye soshiolojia.

kijana_wa_majengo
Sista hapo sina neno. Lakini nyinyi mlikuwa darasa la watu wangapi?

sista_wa_wodi
Thelathini na kitu. Na mwalimu alikuwa nesi.

Mwana_Tudor
@Mwl_kibarua sasa je, wakiondoa huu mtihani wa taja, ile ripoti ya atachment, mafunzo ya kazini, tunayoandika ikasomwa mara mbili na mtu wa lugha pamoja na enjinia, si ingetosha bila koman?

Mwl_kibarua
Ingetosha, tena ningeipendelea. Nilishawahi kusema hivyo kwa kikao, wakaniuliza huyo mtu wa lugha atalipwa kutoka voti gani, yaani fungu gani la bajeti.