Yule mpiga besi wa Queen aliishia wapi? Na mtu akiacha besi ni vibaya?

NyuziNne_Malindi

Habari zenu wadau. Mimi napiga besi kwenye bendi ya hoteli hapa Malindi, mwaka wa sita huu, Jumanne, Ijumaa na Jumamosi, na watalii wakipungua inabaki Jumamosi peke yake. Juzi mgeni mmoja akaomba Queen, ile bendi ya rock ya Uingereza. Mwimbaji wetu akaanza mbwembwe zake, ati mnajua Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, ni mtoto wa Unguja, kazaliwa 1946, watu makofi, tukaingia Another One Bites the Dust. Sasa kama mnaujua ule wimbo ni besi tupu, toa besi hapo hakuna kitu kilichobaki. Mimi ndo nimeubeba mwanzo mwisho na hakuna hata mmoja alietazama upande wangu, hata kwenye picha nimekatwa, naonekana mkono na kichwa cha gitaa basi.

Usiku sikulala nikaanza kumtafuta alieipiga ile besi ni nani. John Deacon. Na kumbe wimbo kautunga yeye! Alafu nasoma jamaa yuko hai, pesa anazo, lakini muziki aliachana nao kitambo miaka ya 90, jukwaani hapandi na waandishi haongei nao, wenzake Brian May wa gitaa na Roger Taylor wa drams wamezunguka dunia miaka na miaka yeye yuko kwake katulia. Imekuaje? Walikosana? Nauliza na kwa ajili yangu pia, binamu yangu kanipatia nafasi kwa watu wa kufunga sola huko Kilifi na mpaka sasa sijamjibu.

kusi_na_kaskazi

Alichoka bana. Hata wewe ukilipwa vile utachoka vizuri tu 😂

FundiRedio_Amu

Mwanangu huyo Deacon ni mtu wangu, sio kwa muziki, kwa redio.

Yule alikuwa fundi kabla hajawa nyota. Kazaliwa Leicester, Uingereza, 1951, babake akafariki yeye ana miaka 11, na tangu mdogo kazi yake kufungua redio na matepu kuangalia ndani mna nini. Akasoma elektroniki London, Chelsea College, akatoka na digrii ya daraja la kwanza. Queen washajaribu wapiga besi kadhaa hawakai, 1971 wakampata huyu ana miaka 19, mdogo wao wote. Apiga vizuri, mkimya, na juu ya hayo chombo kikiharibika yuwajua kukitengeneza. Wewe huyui thamani ya mtu kama huyo mpaka amplifaya izime katikati ya harusi na bibi harusi ashafika mlangoni.

Sasa sikia hii. Kiasi cha 1972 hivi yuwapita ndiani akaona bodi ya redio imetupwa jaani, nyaya zinaning'inia. Akaibeba. Akaifunga ndani ya kasha la spika ndogo, ile ya kuweka kwenye rafu ya vitabu, akatia betri ya volti 9. Haina swichi, haina kitufe cha sauti, ukichomeka betri imewaka ukichomoa imezima, yani kitu ambacho mteja akikuletea dukani wamuonea huruma. Brian May akachomeka gitaa lake mle likaanza kulia kama zumari na tarumbeta. Sikiza Good Company ya 1975, ile bendi nzima ya tarumbeta unayoisikia ni gitaa la mtu mmoja na kile kikasha kilichotoka jaani. Wazungu wameshakifungua na kukipima wanakiunda upya na kukiuza.

Mimi hapa Mkomani nina debe zima la bodi kama hizo na kila mwezi wa Shaabani mke wangu aniambia nizitupe. Hiki kisa nimemueleza si mara moja. Hajashawishika.

MamaHarusi

Nyinyi wanaume mshafika kwenye nyaya mmesahau nyimbo. You're My Best Friend ya 1975 ni yake huyu huyu Deacon, na aliandikia mkewe, mwaka ule ule aliomuoa. Alitaka ipigwe kwa kinanda cha umeme, Freddie kinanda kile akikichukia akasema hagusi, basi Deacon akakichukua nyumbani akajifundisha, akarudi akapiga mwenyewe. Mtu mkimya ukimnyima kitu usidhani kasahau.

Na I Want to Break Free ya 1984, pia yake. Na hakuna hata moja anayoimba yeye, zote kampa Freddie maana mwenyewe alijijua sauti hana. Hebu nitajie mwimbaji anaejua hana sauti.

Lakini kijana umenichoma pale pa picha. Mimi nimetunza waimbaji kwenye harusi tangu sijaolewa, hapa Lamu, Malindi mpaka Mombasa, natoka na noti nacheza taratibu naenda mpaka mbele, na mwendo ule wote naenda nao kwa besi, kiuno hakifuati maneno kinafuata besi. Na sijawahi hata siku moja kumtunza mpiga besi. Leo ndo nimeliona hilo, naona na haya.

nesi_wa_zamu

Naingilia kidogo. Huo wimbo wa Another One Bites the Dust ni midundo kama 110 kwa dakika na sisi tukimkandamiza kifua mtu ambae moyo umesimama tunatakiwa twende 100 mpaka 120 kwa dakika, kwa hivyo unafaa kabisa kuhesabia. Tatizo ni maneno yake, "mwengine tena amekwenda", sasa uimbe hivyo na jamaa za mgonjwa wako dirishani 🙈 Mimi nauimba moyoni.

Bandarini

Tusimpambe sana. Mimi naona aliwakimbia wenzake. Freddie kafa Novemba 1991, ile tamasha ya kumkumbuka Aprili 1992 pale Wembley Deacon alipiga, sawa. Januari 1997 wakapiga wimbo mmoja Paris na Elton John, na baada ya hapo kwishne. 2001 Queen wanaingizwa kwenye jumba la heshima la rock Marekani, wenzake wanakwenda, yeye haonekani. Hata kusimama tu upige picha na wenzako? Na mgao wa nyimbo anachukua. Msaada wa kubeba jeneza unaisha siku ya maziko, lakini bado kuna familia ya marehemu ya kuangaliwa, na familia ya Freddie ni ile bendi.

FundiRedio_Amu

@Bandarini wewe umeshawahi kupiga ngoma na mtu miaka 20 akafa? Mimi sikupiga, lakini babangu alikuwa na mwenzake kwenye jahazi, alipokufa yule mzee hakupanda chombo tena, akauza sehemu yake akakaa barazani. Hakuna aliemwambia kawakimbia mabaharia. Deacon mwenyewe alishasema Freddie hana wa kuziba pengo lake, alieona hivyo mwache, na hao wanaoendelea pia waache, kila mtu na msiba wake. Na mambo ya pesa tangu mwanzo yeye ndie alikuwa jicho la bendi, Brian na Roger wenyewe wamesema mpaka leo jambo la biashara hupita kwake. Sasa huyo kakimbia wapi.

Bandarini

Haya mzee, hapo kwa babako sina neno.

MamaHarusi

Nilisahau ya piza. 1981 wako Uswisi studio na mwimbaji David Bowie wanatengeneza Under Pressure, Deacon kapata ule mdundo wa besi, ule ambao ukianza tu ushaujua. Wakatoka kwenda kula piza, wakarudi, kausahau! Roger Taylor ndie alieukumbuka. Kisa anasimulia Roger mwenyewe, kwa hivyo mpiga drams lazima atoke shujaa hapo, lakini nakipenda.

NyuziNne_Malindi

Jamani asanteni, nimecheka peke yangu mpaka mama kaja kuangalia. Ameingia wakati nyuzi zangu ziko kwenye sufuria zinachemka. Kwa wasiojua, nyuzi mpya za besi ni ghali na chumvi ya bahari hapa inazila, wiki tatu zishakufa sauti, kwa hivyo nazichemsha dakika kumi zinatoa mafuta na uchafu, nazifuta nazianika, napata tena wiki moja ya sauti kabla hazijarudi vile vile. Mama anasema sufuria yake ya wali ishaanza kunuka chuma.

Mzee Fundi umenisaidia bila kujua. Nilikua nafikiria nikienda kwenye sola nimeshakua mtu mwengine, kumbe huyu jamaa alikua na vyote viwili mkononi tangu siku ya kwanza. Nimempigia binamu naenda Jumatatu kuiangalia hio kazi. Hotelini sijawaambia kitu, na walivyonicheleweshea ya mwezi uliopita sina haraka ya kuwaambia. Jumamosi napiga.

MamaHarusi

Jumamosi niko Malindi nina shughuli ya mtoto wa dadangu, ikiisha mapema nitapita. Sema hoteli gani. Noti nishaitenga.

NyuziNne_Malindi

Nakutumia inboksi mama. Ila usiibandike kwenye paji la uso, pale nyuma hakuna feni, natoka jasho itaganda. Weka tu juu ya amplifaya.