Sofa ya mtumba kutoka Uingereza inamwaga unga, na mtoto anatambaa. Nifanyeje?

BabaNaima: Wakuu, habari za jioni. Nina sofa ya mtumba, ilishuka na kontena kutoka Uingereza. Chini ya mto ina lebo inayosema uzembe husababisha moto. Sponji imechakaa, ukikaa tu inamwaga unga wa njano sakafuni, na binti yangu ndiyo kwanza anatambaa. Shemeji yenu kasoma kwamba zina dawa ya kuzuia moto, hataki kuiona ndani. Nitupe?

Kibatari: Tumekulia kwenye moshi wa vibatari na tupo. Kama huitaki nipe mimi, usafiri juu yangu.

Mkemia wa Mtaa: Kibatari, tulia. Tangu 1988 sheria ya Uingereza inataka sofa ihimili sigara na kiberiti, ndiyo maana viwanda vikajaza dawa kwenye sponji. Nyingi ya dawa hizo hazishikani nayo, zinatoka taratibu na kuingia kwenye vumbi, na mtoto wa umri huo vidole haviishi mdomoni. Ya zamani, pentaBDE, ilipigwa marufuku Umoja wa Ulaya 2004, na Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kuondoa kemikali za sumu zinazodumu, ukaiorodhesha 2009. Inavuruga homoni za tezi ya shingoni, ambazo ubongo wa mtoto unazihitaji ukue vizuri. Lebo ina tarehe? Hata ikiwa ya baada ya 2004 usishangilie, waliweka dawa nyingine.

BabaNaima: Tarehe imefutika. Mama yake ananyonyesha, aache?

Mkemia wa Mtaa: Asiache kabisa! Faida ya maziwa yake ni kubwa mno. Pigeni deki kwa tambara la maji, msifagie kavu, na mtoto anawe mikono kabla ya kula.

Fundi Sofa Keko: Fremu usitupe, badilisha sponji tu. Ile kuukuu nachukua mimi, nakupunguzia bei. Tunaichanachana kujazia mito.

Mkemia wa Mtaa: Fundi, hapo tutagombana. Unga unaomkimbiza Naima unaenda kumlaza mtoto mwingine juu yake?

Fundi Sofa Keko: Basi nichome?

Mkemia wa Mtaa: Ndiyo mbaya zaidi! Moshi wa sponji una sayanidi, na yenye dawa za bromini, kama hiyo pentaBDE, inazalisha dayoksini, sumu kali. Ifungwe kwenye viroba, iende na gari la taka. Si suluhisho zuri, ila mtaani kwetu sijaona lingine.

BabaNaima: Fundi, njoo Jumamosi na bei ya sponji mpya. Viroba ninavyo.

Fundi Sofa Keko: Sawa bosi. Ninunulie na barakoa, hiyo kazi tunafanyia nje.