Naombeni ushauri: dereva wa trela Houston, vitu vya sheli na kipimo cha mkojo

Mwana_wa_Pangani
Habari za saa hizi wakuu. Niko Houston, Texas, mwaka wa tatu sasa, nafanya kazi ghalani. Mwezi uliopita nimepata leseni ya trela, na kampuni moja imeniita nikapime mkojo wiki ijayo kabla ya kuanza.

Tatizo ni hili. Jamaa ninayekaa naye hununua vitu kwenye sheli hapa jirani, mchana kweupe, na risiti anapewa. Bangi yenyewe Texas ni kosa, kwa hiyo nikajisemea kinachouzwa pembeni ya soda na karanga kitakuwa halali. Nimetumia mara kadhaa, mara ya mwisho Jumamosi. Yeye anasema ni vya maabara, kwenye kipimo havionekani. Ni kweli? Na ni kitu kimoja na bangi yetu? Msinitukane sana, najua.

Kibuyu_Kikavu
Maji mengi na kile kinywaji cha kusafisha mwili, umepita. Kazi njema.

Dereva_I10
Kibuyu usimpoteze mtoto wa watu. Mkojo uliojaa maji maabara wanautambua. Na wakikukamata unachezea sampuli, inahesabiwa umekataa kupimwa, na kukataa ni sawa na kufeli.

Mwana wa Pangani, hebu soma pakiti zimeandikwa nini. "Vitu" ndiyo nini?

Mwana_wa_Pangani
Viko viwili. Kuna pipi laini, zimeandikwa delta-8, zimetokana na hemp. Halafu kuna kipakiti kinachong'aa chenye majani, K2. Nyuma, kwa herufi za sisimizi, wameandika si kwa matumizi ya binadamu.

Nesi_Ohio
Afadhali umesoma, kaka, maana mwenzako amevipa jina moja vitu visivyofanana.

Delta-8 ni THC kweli, yaani kemikali inayolevya, ndugu ya delta-9 iliyo kwenye bangi. Nyingi hutengenezwa kwa kugeuza CBD, kemikali isiyolevya ya hemp, kwa asidi. Zilipata upenyo kwenye sheria ya kilimo ya 2018, iliyoruhusu hemp, yaani mmea wa bangi wenye delta-9 isiyozidi asilimia 0.3.

K2 haina bangi ndani. Ni majani makavu ya mmea wowote, yamepuliziwa kemikali iliyoyeyushwa, mara nyingi kwenye asetoni. Mojawapo ya zile za mwanzo, JWH-018, imebeba herufi za jina la John W. Huffman, mkemia wa Chuo Kikuu cha Clemson. Alikuwa anachunguza vipokezi vya ubongo, hakutengeneza kitu cha kuvutwa. Machi 2011 Marekani iliipiga marufuku pamoja na nyingine nne, na mwaka 2012 Bunge likaongeza orodha. Watengenezaji wanabadilisha molekuli kidogo tu, pakiti inabaki ileile. Kwa hiyo ulichovuta Jumamosi hata aliyekuuzia hakijui.

Sasa tofauti mwilini. Ubongoni kuna vipokezi vinaitwa CB1. Vifikirie kama koki. THC ya mmea inaifungua nusu. Kemikali nyingi za K2 zinaifungua mpaka mwisho. Na kwa kuwa dawa imepuliziwa, haisambai sawasawa: kiganja hiki hakina kitu, kiganja kile kimelowa. Ndiyo unaona mtu anapata degedege, moyo unakwenda mbio, figo zinaharibika. Julai 2016 kule Brooklyn watu 33 waliathirika kwa mkupuo mmoja, wamesimama barabarani kama masanamu. Mwaka 2018 Illinois kuna K2 ilichanganywa na sumu ya panya, ile ya kuzuia damu isigande. Walipata madhara zaidi ya watu 150, wanne wakafa.

Kibuyu_Kikavu
Sawa dada, lakini hujajibu swali. Kwenye kipimo inaonekana au haionekani?

Dereva_I10
Najibu mimi. Kipimo cha shirikisho cha madereva kina makundi matano: bangi, kokeini, amfetamini, opioidi na PCP. K2 haimo. Kampuni ikitaka inaweza kuongeza kipimo chake yenyewe, kipo.

Pipi ndizo zitakazokuumiza. Wanatafuta mabaki ya THC baada ya ini kuisaga. Kizingiti cha kwanza ni nanogramu 50 kwa mililita. Ukivuka wanarudia kwa mashine ya uhakika, kizingiti 15. Pipi nyingi za delta-8 zina delta-9 pia, na daktari anayepitia majibu hasikilizi habari ya risiti ya sheli. Mtumiaji wa kila siku anaweza kuonekana wiki kadhaa baadaye.

Ukifeli, jina linaingia Clearinghouse, daftari la serikali lililoanza Januari 2020, na kampuni lazima ilichungulie kabla ya kukuajiri. Tangu Novemba 2024 jimbo linakushusha leseni ya trela mpaka uonane na mtaalamu wao, umalize anachokuagiza na upimwe tena. Ukirudi kazini unapimwa ghafla si chini ya mara 6 ndani ya mwaka. Rafiki yangu alipitia hayo yote kwa hela yake.

Kibuyu_Kikavu
Basi aache pipi abaki na K2 😂

Nesi_Ohio
Na akipata degedege akiwa na tani 36 barabarani, wewe utakuwa wapi?

Shangazi_Minneapolis
Mwanangu, una uraia? Kama bado, nisikilize. Kwa asiye raia, hatia ya dawa za kulevya inaweza kukurudisha nyumbani. Sheria imeacha mwanya mmoja: kosa moja la kuwa na bangi isiyozidi gramu 30, ya matumizi yako mwenyewe. Wameandika bangi. Hicho kipakiti si bangi, Nesi ameshasema. Kitoe nyumbani leo, na mwanasheria wa uhamiaji umuone hata kwa nusu saa.

Mwana_wa_Pangani
Shikamoo shangazi. Nina kadi ya kijani tu.

Mrejesho: nimewapigia kampuni, nikawaambia sitaweza mwezi huu. Nafasi wamempa mwingine. Pipi nimezitupa. Kile kipakiti jamaa amekificha, anasema mnanitia woga. Na yeye ndiye ananipeleka ghalani kila asubuhi na gari lake.

Nesi_Ohio
Kesho panda basi.